Faili Liitwalo Mama

2 Machi, Jumapili

Mvua imeanza leo kabla sijaanua nguo. Nimezianua zikiwa nzito kuliko nilivyozianika.

Naandika kwa kuwa sina wa kumwambia. Mume wangu yuko mbali, kwenye bwawa linalojengwa, anaendesha mtambo wa kuchimba, na mtandao anaupata Jumapili tu akipanda kilimani. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama yake. Mama hasikii. Hutundika kifuani kisanduku kidogo, kama kiberiti kilichonenepa, chenye waya unaopanda hadi sikioni, na hata akiwa nacho husikia sauti nzito peke yake: mlango ukibamizwa, lori likipita, mwanawe akicheka. Mwanawe ana sauti ya pipa tupu linaloviringishwa barabarani. Yangu ni nyembamba, na kwa Mama ni kama haipo.

Kuna faida yake. Naweza kusema lolote. Asubuhi nilikuwa napiga deki, akaingia na matope yake hadi katikati ya chumba, akasimama hapo hapo kutazama mvua dirishani. Nikampa mgongo nikasema, "Karibu malkia. Na farasi naye aingie?" Hakutikisika. Nikamaliza kudeki nikiwa na moyo mwepesi.

Jioni mwanawe akapiga. Mama simu haiweki sikioni, anaibana kifuani kwenye kisanduku, na mwanawe huongea na kifua chake. Anacheka, anajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Mimi huachiwa dakika ya kuagana.

3 Machi

Radi tangu alfajiri. Kwetu radi ni kazi.

5 Machi

Karakana imejaa hadi mlangoni. Luninga, friji, mashine za kufulia, redio za magari, vyote vimepigwa na umeme au vimenyeshewa, na wenyewe wamesimama juu ya vichwa vyetu. Fundi Moshi, mwenye karakana, haonekani nyuma ya moshi wa kulehemu. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

Kazi yangu ni chipu. Kila kifaa siku hizi kina chipu ndogo ya kumbukumbu, punje nyeusi yenye miguu minane, na humo ndimo kifaa kinamokumbuka kwamba chenyewe ni friji na si pasi. Kumbukumbu ikipotea, mashine ni nzima lakini haijijui. Mimi naiweka chipu kwenye kishikio, nasoma kilichomo kwa kompyuta, nahifadhi faili, kisha naliandika kwenye chipu mpya. Sheria ni moja: soma kwanza. Ukibonyeza "andika" kabla ya "soma", umefuta kile ulichokuja kukiokoa, na hakuna dawa.

Faili zuri, lililosomwa kutoka kifaa kizima, hapa tunaliita mama. Chipu zinazoandikwa kutokana nalo ni watoto. "Mama yuko wapi?" Fundi Moshi hupaza sauti mara ishirini kwa siku, na wateja wapya hudhani amempoteza mzazi wake.

8 Machi

Mvua. Ndala yangu moja imekwenda na maji.

9 Machi, Jumapili

Mama alitoka kufunga banda la kuni bila kujifunika. Kisanduku kikalowa. Alikipiga piga kwenye kiganja, akakitikisa, akakipuliza, wapi. Simu ilipoita nikamwonyesha, akaibana kifuani kama kawaida. Akasubiri. Akaitoa, akaitazama, akaibana tena. Kisha akanipa, akaenda kukaa na uso ukutani.

Mume wangu alisema, "Mke wangu, hicho kisanduku kiokoe. Wewe ndiye fundi wa hayo mambo." Nikasema nitajaribu. Aliyempima Mama miaka ile na kukitengeneza kimfae alishahama nchi. Hospitali kubwa wanatoa mashine mpya tu, za zamani hawazigusi, na ile mpya waliyowahi kumjaribishia Mama aliivua akawarudishia mezani.

10 Machi

Nilikifungua karakana. Maji yameingia hadi kwenye chipu, miguu yake imeota ukijani. Nikaisafisha kwa mswaki, nikaipasha moto taratibu, nikaing'oa. Iligoma mara tatu kusomeka. Mara ya nne ikasomeka kwa mbinde, na nambari zikajipanga kwenye kioo safu kwa safu. Hizo nambari ndizo masikio ya Mama: sauti ipi iongezwe, ipi ibanwe, kwa kiasi gani.

Kompyuta ikaomba jina la faili. Fundi Moshi alikuwa ananipigia kelele kuhusu mashine za kufulia za hoteli. Nikaandika "mama", nikahifadhi, nikakimbia. Kwani ningemwitaje?

13 Machi

Nilishinda mjini natafuta chipu za aina yake. Nilizipata duka la tano, nimelowa hadi mifupa. Niliporudi nikakuta boksi mezani: visanduku kumi na viwili vya sikio, aina ile ile ya Mama, vimeletwa na mwalimu wa shule ya viziwi. Paa la stoo yao limevuja. Fundi Moshi anavishughulikia mwenyewe. Alikuwa anapiga mluzi, maana yake kazi inakwenda.

14 Machi

Nimeandika! Chipu mpya, faili likakubali, kompyuta ikalinganisha ikasema sawa. Nikakifunga kisanduku na kumpelekea Mama. Alikivaa, mara akaruka. "Ni nini hicho?" Kilikuwa kijiko nilichoangusha kwenye beseni.

Kijiko! Mama hajawahi kusikia kijiko tangu nimeingia nyumba hii. Nikajiona mganga.

16 Machi, Jumapili

Mambo hayakwenda nilivyotarajia. Simu ilipoita Mama aliibana kifuani anatabasamu. Tabasamu likaisha polepole.

"Mbona hasemi?"

"Anasema, Mama." Mimi niliketi pembeni na nilimsikia mume wangu akiunguruma.

"Anapumua tu. Namsikia anapumua." Akanipa simu.

"Mama ana nini?" akaniuliza mume wangu.

"Mtandao," nikasema. "Mvua."

18 Machi

Mama amefunga bomba la uani akisema linadondoka. Kweli lilikuwa linadondoka.

19 Machi

Tumegombana, au tuseme mimi nimegombana. Alihamisha vyombo vyangu vyote kutoka rafu ya chini kwenda ya juu, asinishirikishe. Nikasimama kwenye jiko na kumpa mgongo, nikamwaga yangu yote: kwamba mkokoteni una adabu kuliko yeye, mkokoteni angalau hupiga kelele ukija, na kwamba nimeolewa na mwanaume lakini nikaishi na mama yake. Nilipogeuka alikuwa mlangoni. Alinitazama kidogo, akaondoka.

23 Machi, Jumapili

Yale yale. Aliisikiliza simu kwa muda mrefu zaidi, kichwa kainamisha. Akasema, "Mwanangu ameacha kunisemesha. Ameoa, amemaliza."

Mume wangu alikuwa anasema wakati huo huo, namsikia kabisa: "Mwambie Mama namkumbuka, nikirudi nitampeleka kwa dada." Nikamwambia Mama. Akasema, "Hayo maneno yako."

Nilikasirika sana. Nabeba maneno ya watu bila malipo halafu naitwa mwongo. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Mvua hii haimwachi mtu hata akasirike vizuri.

25 Machi

Mama amesema atahamia kwa binti yake barabara iliyofungwa na mvua ikifunguka. Amesema akiwa anakunja shuka, hakunitazama. "Huku sina mtu tena."

Nimefurahi. Kile chumba chenye dirisha kitakuwa changu.

26 Machi

Bado nimefurahi.

27 Machi

Amekwisha kunja kila kitu. Mabegi mawili ukutani. Ameacha nje nguo anazovaa na kikombe chake. Kila nikipita nayaona.

28 Machi

Nimekaa hapa na sijui nianzie wapi.

Asubuhi mwalimu wa shule ya viziwi alileta kisanduku kingine kimoja, kilisahaulika kabatini. Fundi Moshi akanitupia mimi. "Kiandike haraka."

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Kwenye folda ya visanduku. Nilimsoma kutoka kile kisanduku kimoja kizima, cha mtoto wa pale shuleni."

Nikafungua folda. Kulikuwa na mama mmoja tu. Nikasema, huyu ni wa kwangu, wa kwake yuko wapi? Nikatafuta juu, nikatafuta chini. Kisha nikatazama tarehe ya faili. Ilikuwa kumi na tatu. Mimi nililihifadhi tarehe kumi.

Nilikaa kwenye kasha la friji.

"Fundi," nikasema, "tarehe kumi na tatu ulipohifadhi, kompyuta ilikuuliza chochote?"

"Iliuliza kama nibadilishe lililopo. Nikasema ndiyo. Kompyuta inauliza mambo mengi, dada."

"Lililopo lilikuwa la Mama!"

"Ndiyo, mama. Mama mpya, mama wa zamani, ndiyo maana nikambadilisha."

"Siyo mama, Mama! Mama mkwe wangu!"

Akaweka chini chuma cha kulehemu. "Sasa nani anaita faili mama?"

"Wewe! Wewe ndiye umetufundisha!"

Wateja wawili walikuwa wanatusikiliza midomo wazi. Mmoja akauliza kama mama mkwe wangu amefariki.

Tuliitafuta chipu ya zamani. Ilikuwa kwenye kopo la mabaki, miguu miwili imekatika. Fundi Moshi, na hili namshukuru, aliilehemea miguu mipya ya waya mwembamba kuliko unywele, mkono hautetemeki. Tukasoma. Kioo kikajaa alama moja ile ile, mwanzo hadi mwisho, kama ukuta uliopakwa chokaa. Hakuna kitu. Tukasoma tena. Hakuna kitu.

Basi akanifungulia lile faili la mtoto na kunionyesha nambari kwa kidole chenye masizi. "Huyu mtoto sauti nzito anazisikia bila msaada. Kwa hiyo zimebanwa zote hapa. Zilizoongezwa ni nyembamba. Mama mkwe wako yake ilikuwaje?"

"Kinyume," nikasema.

Aliyempima Mama alizibana nyembamba kwa kuwa kisanduku kilikuwa kinampigia filimbi sikioni. Alimwachia nzito. Sasa Mama amevaa masikio ya mtoto asiyemjua. Sauti ya mwanawe imebanwa yote, imebaki ile pumzi ya juu juu. Amekaa Jumapili mbili anasikiliza pumzi. Na yale mabegi yapo ukutani kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine yoyote.

Hilo lilinitosha kuniumiza. Nikavaa koti nirudi nyumbani nikamweleze. Nilifika kona ya duka la viatu ndipo lile la pili likanifikia, nikasimama katikati ya mvua, mtu nyuma yangu akanigonga na mwavuli.

Nyembamba zimeongezwa. Kijiko. Bomba. Sauti yangu.

Mama ananisikia. Amenisikia tangu tarehe kumi na nne, kila neno, na mkokoteni umo.

29 Machi

Sikumwambia. Nilifika, nikapika, nikanyamaza. Nimegundua kwamba sijui kunyamaza. Midomo inakwenda yenyewe, naibana kwa vidole. Nimepanga vyombo, nimevipangua. Nimefagia mahali palipofagiwa. Mama ananitazama kwa pembe ya jicho.

30 Machi, Jumapili

Simu iliita saa kumi. Mama hakuipokea, alinionyesha kwa kidevu. Nikatoka nayo nje, chini ya ukingo wa paa, nikamweleza mume wangu yote: faili, tarehe, mtoto wa shule, mkokoteni. Nilikuwa nanong'ona lakini nadhani nililia pia. Nikamwambia, "Mama yako anaondoka kwa kuwa anadhani humsemeshi, na mimi nilifurahi. Nilishaanza kupanga kitanda changu kitakaa wapi. Sasa sitaki aende na sijui nimwambieje."

Mume wangu akasema, "Mwambie hivyo hivyo." Mtandao ukakatika.

Nilipogeuka dirisha lilikuwa wazi na Mama alikuwa amekaa chini yake.

"Ingia," akasema, "unalowa."

Nikaingia. Nikabaki nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Kwa hiyo anasema?" akauliza. Sauti yake, ile ya mtaa mzima, ilikuwa ndogo kabisa.

"Anasema, Mama. Kila Jumapili. Yote niliyokwambia aliyasema."

Akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Alikaa hivyo, mabega yanapanda na kushuka. Nilitaka kumshika na sikujua pa kumshika, maana hatujawahi. Mwisho nikamshika kiwiko.

"Nilidhani amenichoka," akasema ndani ya viganja. "Nilidhani anapiga ili mradi."

Akajifuta uso. Akanitazama, na mimi nikatazama sakafu.

"Na mimi ni mkokoteni?"

"Mama, nisamehe."

"Na kile cha juzi juzi? Kwamba natafuna kama mtu anayetembea kwenye changarawe?"

"Nisamehe, Mama."

"Hicho kilinichekesha."

Nikauliza kwa nini hakuniambia kwamba ananisikia. Akakivuta vuta kile kisanduku kwa waya wake.

"Mwaka wa tatu naishi na mtu anayetikisa mabega," akasema. "Nakuona umenipa mgongo, mabega yanatikisika, najua unasema, sijui unasema nini. Siku ile sauti yako ikaingia sikioni. Nikasema nikimwambia nasikia, atanyamaza. Nikaona heri unitukane."

1 Aprili

Mabegi bado yapo ukutani, lakini moja limefunguliwa kutoa sweta.

2 Aprili

Fundi Moshi amekubali. Nambari zilizopotea hatuwezi kuzirudisha, lakini tunaweza kuzitafuta upya kwa sikio la mwenyewe. Alisema hivyo akiwa anatazama pembeni, na akampangusia Mama kiti chake mwenyewe.

4 Aprili

Mama anashinda karakana. Anakaa kati ya luninga mbili zilizokufa, kisanduku kimefunguliwa mapajani mwake, waya zinaingia kwenye kompyuta. Nimerekodi sauti ya mume wangu kwenye simu yangu: "Shikamoo Mama, habari za huko, mvua je?" Naongeza nambari moja, naandika, nampigia ile sauti. Naongeza nyingine, naandika.

"Unasikia?"

"Nyuki."

"Sasa?"

"Nyuki mkubwa."

Fundi Moshi anamwita Mama Mkubwa, na sasa akipaza sauti "mama yuko wapi" yeye huinua mkono.

5 Aprili

"Sasa?" "Mtu yuko kwenye mtungi."

6 Aprili, Jumapili

Mume wangu alipiga. Bado mtungini. Lakini Mama alibaki na simu kifuani hadi mwisho, na mimi nikamrudilia maneno moja moja, na safari hii hakusema ni yangu.

9 Aprili

Leo saa nane mchana nilipandisha safu ya tatu hatua mbili, nikaandika, nikampigia ile rekodi. "Sasa, Mama?" nikauliza. Nikauliza tena. Akainua kidole ninyamaze. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia simu. "Mvua haijakatika."

Fundi Moshi akaenda kutafuta kitu nyuma ya friji, akakaa huko muda.

10 Aprili

Jana nilisahau kuandika kwamba ile sauti ilipopatikana, yangu ilipotea. Nilimuuliza "Mama, twende?" akabaki ananitazama.

Leo nimejaribu kupandisha zote mbili, yake na yangu. Kisanduku kinapiga filimbi hadi mwenye duka la jirani akaja kuuliza nani amekanyaga paka. Nikashusha kidogo huku, nikapandisha kule. Filimbi. Nikapata mahali pa katikati ambapo hakipigi, na hapo Mama hasikii mtu yeyote.

12 Aprili

Fundi Moshi amenivuta pembeni. Amenionyesha kwa kioo cha kukuzia: njia za shaba chini ya chipu zimeanza kubanduka kwa kuandikwa na kuandikwa. "Inabeba mara moja zaidi. Halafu naimwagia gundi ya kuzuia maji, nafunga. Nisipoifunga, mvua ya kwanza inaiua. Nikiifunga, haifunguki tena."

"Basi tuandike ipi?"

"Hilo usiniulize mimi."

Nimehifadhi mafaili mawili. Moja nimeliita "mwana". Jingine nimeliita "mimi", kisha nikaona aibu nikalibadilisha "nyembamba".

13 Aprili, Jumapili

Nilitaka kumweleza Mama kwa kuliandika kwanza kisandukuni faili lile linalobeba sauti yangu, ili anielewe. Lakini Fundi alisema inabeba mara moja tu. Nimemweleza kwa kalamu, kwenye gazeti la zamani, kwa herufi kubwa: UTAMSIKIA MWANAO AU UTANISIKIA MIMI. WAWILI HAIWEZEKANI. Alisoma mara mbili. Akakunja gazeti akawashia moto wa chai.

Nimeshindwa kukaa. Nimekwenda hadi barabarani nikarudi bila kununua chochote.

Niseme ukweli hapa. Nataka anichague mimi. Mwezi uliopita nilikuwa napima chumba chake kwa hatua, leo naona wivu na mume wangu mwenyewe kwa sababu ya nambari kwenye chipu. Zile wiki mbili alizonisikia bila mimi kujua, nilikuwa na mtu wa kuongea naye. Sikujua nilivyokuwa na hamu ya hilo. Yeye mwanawe anapiga mara moja kwa wiki. Mimi nipo kila siku, naumwa naye, nakula naye. Hesabu yoyote ingenipa mimi.

14 Aprili

Hajasema. Mvua imepungua.

15 Aprili

Asubuhi alivaa kanzu yake nzuri akanifuata karakana. Alikaa kwenye kiti cha Fundi Moshi, akaweka kisanduku mezani mwenyewe.

"Andika ya mwanangu," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikafungua folda. Nilihakiki jina, nikahakiki tarehe, nikahakiki tena, maana macho yalikuwa yameingia maji na sikutaka kubonyeza kisichotakiwa. Nikabonyeza "andika". Ule mstari wa kijani ulijaa kutoka kushoto kwenda kulia. Kompyuta ikalinganisha, ikasema sawa. Fundi Moshi akamwaga gundi, akasimama akiipuliza.

Mama alinigonga begani. Sikutaka kugeuka. Akanigonga tena, akanigeuza kwa nguvu kama anageuza gunia.

"Yule kwangu ni sauti tu," akasema. "Nikimkosa sikioni nimemkosa wote. Wewe upo hapa. Wewe nitakutazama mdomo."

Nikasema kitu, sijui nini.

"Taratibu," akasema. "Na inua kichwa."

20 Aprili, Jumapili

Mume wangu alipiga. Mama akabana simu kifuani. Alicheka kabla hata hajajibu. Waliongea hadi betri ikaisha, na dakika yangu ya kuagana ikaisha nayo.

22 Aprili

Binti yake ametuma ujumbe kwamba barabara imefunguka. Mama amemjibu kwamba ana kazi. Mabegi yamerudi juu ya kabati.

25 Aprili

Kazi hii ngumu. Nikizungumza lazima niache ninachofanya, nigeuke, nisimame kwenye mwanga. Nimeunguza mboga mara mbili. Akikosa neno ananishika kidevu na kukielekeza dirishani.

29 Aprili

Jua siku nzima. Nimeanika kila kitu.

1 Mei

Leo Mama ndiye aliyepika. Nilionja kijiko cha kwanza na nikahisi mabega yangu yanaanza kutikisika, mgongo unageuka wenyewe kuelekea jiko. Nikauzuia. Nikaweka kijiko chini, nikamgeukia, nikasubiri hadi aliponitazama mdomo.

"Mama," nikasema, neno moja moja, "chumvi imezidi."

Alinisoma hadi mwisho.

"Imezidi," akasema. "Kesho upike wewe, nami nikuseme."